Mdogo wangu akichezea akaunti yangu mechi za kupandia daraja, anayekosewa ni nani?

Kitasa (mtoa mada)

Salaam wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo lililozua ubishi kati yangu na watu ninaocheza nao.

Nina akaunti katika gemu moja ya mtandaoni ya timu mbili, watano kwa watano, yenye mechi za kawaida na mechi za kupandia daraja. Ninapokuwa kazini, mdogo wangu mwenye umri wa miaka 15 huingia kwa akaunti hiyohiyo na kucheza. Uwezo wake si haba, lakini bado hajanifikia, na mara nyingine huitwa na wakubwa katikati ya mechi akaondoka bila kumuaga mtu. Wiki hii mchezaji mmoja tuliyezoeana aliniandikia kwa hasira kwamba nimemharibia mechi mbili mfululizo, na nilipomweleza kwamba aliyekuwa kwenye kiti ni mdogo wangu, akazidi kukasirika badala ya kutulia. Kwa maoni yake, maelezo hayo yalikuwa ni kukiri kosa kubwa kuliko lile alilonishtaki nalo.

Mimi siuoni ubaya wake. Gemu nimeinunua kwa fedha yangu, anayepoteza alama ni mimi, na nenosiri halijatoka nje ya familia. Nilipofikiria kumfungulia mdogo wangu akaunti yake, mwingine akaniambia kuwa akaunti ya pili ndiyo kosa lenyewe, kwa kuwa wachezaji wazuri huitumia kujificha na kuwaonea wanaoanza. Sasa nifuate lipi? Ningependa mnitenganishie mambo mawili: kanuni zinasemaje, na adabu inasemaje, maana nina hakika si kitu kimoja. Naomba kuwasilisha.

Mama Seva

Mtoa mada, nianze na kanuni kwa sababu ndizo nyepesi. Karibu kila kampuni ya gemu huandika katika masharti yake kwamba akaunti ni ya mtu mmoja na kwamba nenosiri halitolewi kwa mwingine, awe ndugu au jirani. Makubaliano ya Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, kwa mfano, yanakataza kumfunulia mtu nenosiri au kumruhusu atumie akaunti yako, isipokuwa kwa njia ambayo Valve wenyewe wameiruhusu. Masharti hayo hatuyasomi. Tunabonyeza "nakubali" na kuendelea. Hata hivyo tumeyakubali, na siku mambo yakiharibika, hayo ndiyo yatakayosomwa.

Kuhusu hoja ya kwamba gemu umeinunua, ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia. Jambo hili lilikuwa limefichwa kwenye maandishi madogo kwa miaka mingi, mpaka jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayoyataka maduka ya kidijitali yamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Steam waliweka tangazo hilo kwenye ukurasa wao wa malipo hata kabla ya tarehe hiyo. Naweza kukubaliana nawe kwamba mpangilio huu haupendezi, lakini ndio uliopo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dhamana. Mfumo wa Valve wa kuzuia udanganyifu, VAC, ulianza mwaka 2002, na adhabu yake ni ya kudumu. Tangu hapo utetezi wa "aliyekuwa anacheza ni mdogo wangu" umetumika mara nyingi kiasi kwamba umegeuka mzaha miongoni mwa wachezaji, na hausaidii, kwa sababu msimamo wa kampuni ni kwamba mwenye akaunti anawajibika kwa kila kinachofanyika ndani yake. Simtuhumu mdogo wako. Lakini kijana wa miaka 15 akipewa na rafiki yake programu ndogo ya "kusaidia kulenga", huenda akaijaribu kwa udadisi tu, na itakayofungiwa ni akaunti yako pamoja na kila ulichokusanya humo.

Zipo pia njia halali ambazo watu hawazitumii. Mwaka 2024 Steam walileta mpango wa familia unaowaruhusu watu wa nyumba moja, hadi sita, kuchangia maktaba ya gemu huku kila mmoja akiwa na akaunti yake, rekodi zake na mafanikio yake. Gemu ambazo waundaji wake wameziondoa kwenye mpango huo haziazimwi, na hata zinazoazimwa zina sharti lake: mwanafamilia akidanganya katika nakala yako, wewe mwenye nakala unafungiwa katika gemu hiyo pia. Kwa hiyo mpango huo unawatenganisha kwa majina, ila dhamana haikuondoki yote.

Farasi_f3

Mama Seva amesema vizuri, lakini naona yule mchezaji mwenzako hakukasirika kwa sababu ya masharti ya kampuni yoyote. Alikasirika kwa sababu namba iliyo pembeni ya jina lako ilimdanganya. Hapo ndipo adabu inapoanza, na ningependa kupachimbua kidogo.

Mimi ni mtu wa sataranji, na mifumo mingi ya madaraja inayotumika leo kwenye gemu imetokana na huko. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alibuni njia ya kukadiria uwezo wa mchezaji kwa matokeo yake. Shirikisho la sataranji la Marekani liliikubali mwaka 1960 na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Tunapenda kuzichukulia alama hizo kama tuzo, mali ya mtu aliyoitolea jasho, na ndiyo maana unasema "anayepoteza ni mimi". Elo hakuzikusudia hivyo. Alama ni utabiri. Wachezaji wawili wakilingana, kila mmoja anategemewa kupata nusu ya pointi. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 200, anategemewa kupata takribani asilimia 76 ya pointi, na akimzidi kwa 400, takribani asilimia 91. Mfumo unawapanga watu ukitumia utabiri huo, na kila anayebonyeza kitufe cha kutafuta mechi anakuwa ameukubali.

Sasa tazama kinachotokea mdogo wako anapokaa kwenye kiti chako. Mfumo unaona jina lako, unakupangia wenzako wanne na wapinzani watano wa kiwango chako, kisha timu yako inaanza mechi ikiwa pungufu bila mtu yeyote kujua. Wenzako wanne wanapoteza alama zao halali kwa sababu ya utabiri ulioharibiwa na mtu wasiyemjua. Hao si familia yako na hawakuombwa ruhusa.

Halafu kuna upande ambao watu huusahau. Baada ya mdogo wako kushindwa mechi kadhaa, alama zako zimeshuka chini ya uwezo wako wa kweli. Unarudi kutoka kazini, unaingia, na mfumo unakupangia wapinzani dhaifu kuliko unaostahili kukutana nao. Unawachapa, unapanda tena, unahisi umerudisha chako. Wale uliowachapa jioni ile wamelipa deni la mdogo wako, ilhali wewe hukukusudia kumwonea mtu. Kwa vitendo umefanya kilekile wanachofanya wale wenye akaunti za kujificha. Kwa hiyo anayepoteza si wewe hata kidogo. Wewe ndiye pekee ambaye hesabu yako hurudi ilipokuwa.

Katika sataranji ya mtandaoni jambo hili halina mjadala. Huruhusiwi kusaidiwa na injini, yaani programu ya kompyuta inayotafuta hatua bora, na huruhusiwi kusaidiwa na mtu. Ndugu akisimama nyuma yako na kusema "usile hiyo kete, tazama mnara", mechi hiyo imeshaharibika hata kama kauli yake ilikuwa mbovu. Mechi za siku nyingi zinaruhusu kufungua vitabu vya mianzo, yaani vya hatua za kwanza za mchezo, na hapo wageni huchanganyikiwa wakadhani kila msaada umeruhusiwa. Ulioruhusiwa ni wa kitabu tu. Ningeshangaa gemu za timu zikiwa na kiwango cha chini cha heshima kuliko hicho, wakati humo waathirika ni wengi zaidi kwa kila mechi.

Pedi Mbili

Nawasoma na kuona kama tunamhukumu mtu aliyemwibia jirani. Tumekua tukipokezana pedi za kuchezea gemu sebuleni, aliyeshindwa anampisha anayesubiri, na hakuna aliyeuliza jina lililo juu ya skrini ni la nani. Kampuni zenyewe ndizo zilizotufundisha kuchangia pale ilipowafaa. Netflix waliandika hadharani mwaka 2017 kwamba upendo ni kuchangia nenosiri, na kufikia mwaka 2023 walikuwa wakiwadai watu malipo ya ziada kwa upendo huohuo. Kwa hiyo mtu akiniambia "masharti yanakataza", jambo la kwanza ninalojiuliza ni masharti hayo yanamlinda nani, na mara nyingi jibu ni mauzo.

Hoja ya Farasi_f3 ina uzito, siikatai, lakini inahusu mechi za daraja tu. Mechi za kawaida zipo ili watu wajaribu na wajifunze, na humo kila mtu anategemea kukutana na mchezaji wa aina yoyote. Mtoa mada amruhusu mdogo wake acheze humo kwa amani, amwambie asiguse mechi za daraja, na suala liishe. Kuna haja gani ya kumfanya kijana ajisikie mhalifu kwa sababu ya gemu?

Farasi_f3

Pedi Mbili, sebuleni aliyekaa kwenye kiti alionekana. Mpinzani alijua anacheza na nani, na akitaka kumpunguzia makali au kumkatalia, alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Mtandaoni kitu pekee tunachokiona ni jina na namba. Nikubali hata hivyo kwamba mechi za kawaida ni jambo jepesi zaidi, ingawa gemu nyingi zinaweka makadirio ya siri ya uwezo hata huko na kuyatumia kuwapanga watu. Tofauti ni kwamba humo hakuna anayeshushwa daraja.

Kitasa (mtoa mada)

Nashukuru kwa michango. Sikuwa nimelitazama suala la kurudi na kuwakuta wapinzani dhaifu, na nadhani ndilo lililomkera mwenzangu, ingawa hakulieleza hivyo. Nabaki na maswali. Je, nikimwambia mdogo wangu aandike mwanzoni mwa mechi kwamba anayecheza siye mwenye akaunti, inatosha? Vipi kuhusu hii akaunti ya pili, ni kosa au si kosa? Na hili la kuitwa katikati ya mechi, maana nyumbani kwetu mtoto akiitwa na mkubwa hasemi "subiri nimalize".

Mama Seva

Kuandika mwanzoni ni uungwana, lakini katika mechi za daraja kunakuja kwa kuchelewa. Wenzake wameshafungiwa ndani ya mechi. Wakitoka wao ndio watakaoadhibiwa. Unakuwa umewapa taarifa wasiyoweza kuifanyia kazi, na pengine umewapa sababu ya kumtukana kijana kwa dakika 40. Katika mechi za kawaida taarifa hiyo inafaa, na mara nyingi watu hupokea vizuri.

Akaunti ya pili inategemea nani anaishika. Kinachopigwa vita ni mchezaji mzoefu kujificha nyuma ya jina jipya ili apangiwe wanaoanza. Mwezi Septemba 2023 Valve walitangaza kwamba wamezifungia akaunti 90,000 za namna hiyo katika Dota 2, na wakaonya kwamba akaunti kuu za wahusika zinaweza kuadhibiwa pia. Korea Kusini walikwenda mbali zaidi: tangu Juni 2019, mtu anayefanya biashara ya kuwapandishia wengine daraja kwa kucheza katika akaunti zao anaweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi won milioni 20. Sheria hiyo inawalenga wafanyabiashara, si ndugu wawili, lakini inaonyesha kwamba kuna mahali ambapo jina na namba visivyolingana na mtu vimechukuliwa kuwa jambo la mahakamani. Akaunti ya mdogo wako, yenye jina lake, anayoitumia yeye peke yake, haimo kabisa katika kundi hilo. Itakuwa kosa siku wewe utakapoingia humo kumsaidia kupanda.

Kuhusu umri, huduma nyingi huweka miaka 13 kuwa kikomo cha chini cha kujifungulia akaunti, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Mdogo wako ameshapita hapo, ila angalia pia umri uliopangiwa gemu yenyewe, maana hizo ni alama mbili tofauti.

Dakika ya Mwisho

Niongeze kuhusu kuondoka katikati, kwa sababu huwa nacheza nikiwa na watoto nyumbani na nimelazimika kujiwekea utaratibu.

Adhabu za kuondoka zimewekwa zipande kadiri kosa linavyorudiwa. Katika Counter-Strike, anayeacha mechi ya ushindani huzuiwa kutafuta nyingine kwa dakika 30, kisha saa 2, kisha saa 24, kisha siku 7. Mfumo haujui kwamba umeitwa na mama, na hauwezi kujua. Ukisikiliza sababu moja itabidi uzisikilize zote. Kwa hiyo utatuzi uko kabla ya kubonyeza kitufe. Mechi ya gemu kama yako inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kijana amuulize mkubwa wake kwanza: "Shikamoo mama, kuna kazi yoyote kabla sijaanza? Nitakuwa nimeshikika kwa nusu saa." Nimeona kwamba wazazi wengi hawana shida na nusu saa iliyoombwa; wanachokasirikia ni kuambiwa "subiri" na mtoto asiyegeuza hata shingo. Wengi wao hawajui kwamba gemu ya mtandaoni haiwezi kusimamishwa kama ile ya sebuleni, na ni wajibu wa mchezaji kuwaeleza.

Asipokuwa na uhakika wa nusu saa, acheze aina fupi ya mechi au afanye mazoezi dhidi ya kompyuta. Na akilazimika kuondoka kweli, aandike mstari mmoja, "Samahani, dharura nyumbani, natoka", kabla ya kutoka. Mstari huo haumwondolei adhabu, lakini unawaambia wenzake wasimsubiri, wabadilishe mpango na wagawane nafasi yake. Kinachowaudhi watu zaidi ni yule anayemwacha mhusika wake amesimama mlangoni bila kusogea, huku wenzake wakibishana kama mtandao wake umekatika au amelala.

Lingine ni kipaza sauti. Kiwekwe katika hali ya kubonyeza ndipo kisikike. Nimewahi kukaa mechi nzima nikisikiliza mzee wa mtu akijadili na simu yake deni la ada, akitaja kiasi na majina, na kijana aliyekuwa anacheza hakuwa na habari kwamba watu wanne wasiowajua wanasikia kila neno. Tulimwandikia mara kadhaa, lakini hakuwa anasoma maandishi. Kutunza siri za nyumba ni adabu pia, na hakuna kampuni itakayokuadhibu kwa kuivunja.

Kitasa (mtoa mada)

Nimeelewa. Nitamfungulia akaunti yake. Hofu yake ni kuanza upya chini kabisa, anasema ataonekana mtoto.

Farasi_f3

Mwambie haanzi chini kabisa. Mifumo ya kisasa humchukulia mchezaji mpya kama mtu asiyejulikana. Lichess, tovuti ya sataranji, wanatumia mfumo uitwao Glicko-2, uliotokana na kazi ya Mark Glickman, ambao pamoja na alama huhesabu pia kiasi cha mashaka juu ya alama hizo. Mgeni huanzia 1500 akiwa na alama ya kuulizia pembeni ya namba yake, na kwa kuwa mashaka ni makubwa, kila ushindi au kipigo cha mwanzo humsogeza hatua ndefu. Kadiri anavyocheza, mashaka hupungua, alama ya kuulizia huondoka na hatua huwa fupi. Gemu nyingi za timu zina utaratibu unaofanana na huo kupitia mechi chache za kumpima mgeni. Baada ya muda si mrefu atakuwa anakutana na watu wanaolingana naye, jambo ambalo hajalipata hata mara moja akiwa kwenye akaunti yako, na nadhani ndiyo sababu anashindwa mara kwa mara na kudhani kwamba hajui.

Mama Seva

Na wewe mtoa mada, ukishamfungulia, badilisha nenosiri la akaunti yako na utumie chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote, kwa kuwa kubadilisha nenosiri peke yake wakati mwingine hakuondoi kifaa kilichokwisha kuingia. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti zote mbili, na akaunti yake iunganishwe na barua pepe yake mwenyewe, si yako, ili siku akihitaji kuirejesha asilazimike kukusubiri utoke kazini.